Kidari Changu na Pikipiki ya Kasi

Duka la Vyombo vya Nyumbani,
Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo,
Dar es Salaam.
9 Novemba

Kwa Kaka Epimaki,
Mshika Kisu wa Familia,
Mkuu, Rombo.

Kaka mheshimiwa, shikamoo.

YAH: KULIWA KWA KIDARI CHANGU MIAKA MINNE MFULULIZO, NA OMBI LA KIBALI CHA KUNUNUA PIKIPIKI YENYE KASI ZAIDI

Sisi huku Bongo ni wazima, ukiacha goti langu la kushoto ambalo limeanza kuwa na maoni yake. Shemeji yako Severa anakuamkia, watoto pia. Naandika kwa utulivu kabisa, nimekaa nyuma ya masufuria, chai nimeshakunywa, na sina ugomvi na mtu. Naomba hilo lieleweke mapema, maana mbele ya barua nitamtaja shemeji Heriel mara kadhaa na mtu anaweza kudhani nimekasirika.

1. Katika boma letu, tangu enzi za babu, mbuzi wa Krismasi akichinjwa kila mtu ana fungu lake. Wewe mkubwa una lako, mama ana lake, mashemeji wana lao, na kidari ni cha mtoto wa pili. Mtoto wa pili ni mimi. Pamoja na hayo, ni miaka minne sasa kidari changu kinaliwa na Heriel, mume wa dada yetu Fortunata, kwa maelezo kwamba mimi nilikuwa bado njiani na nyama ilikuwa inapoa. Kaka, nyama ikipoa inapashwa moto. Kuni zipo, sufuria zipo, tena sufuria zenyewe nilizileta mimi mwaka ule wa ubatizo wa mtoto wako. Mwaka jana nilipofika, saa kumi jioni ya Krismasi, vumbi mpaka kwenye kope, nilikaribishwa mchuzi na shingo. Shingo! Niliila kwa adabu, kama ulivyoona, lakini imenikaa rohoni mpaka leo.

2. Naomba suala la Heriel kuwahi lichunguzwe, kwa sababu kiufundi haliwezekani. Mimi naendesha pikipiki ya cc mia mbili na hamsini, injini safi, naihudumia mwenyewe. Yeye ana kigari cheupe ambacho kikifika Mombo kinachemsha, anakipoza, akifika Same anakipoza tena, na Fortunata mwenyewe amekiri kwamba mwaka jana walipitwa na trekta. Wote wawili tunatoka Kariakoo hii hii, yeye anauza vitenge mitaa miwili kutoka kwangu. Barabara ni ileile moja. Mimi foleni ya Kimara mpaka Kibaha naipita pembeni wakati magari yamelala. Sasa inakuwaje nafika nimkute amevaa kandambili, amejinafasi kwenye kochi la marehemu baba, anachokonoa meno? Nimejaribu kutafuta njia ya mkato anayopita, sijaipata. Na huyu si mchapakazi, kaka. Ni mtu ambaye tarehe ishirini Desemba ameshafunga duka, wakati wateja ndio kwanza wanaingia kwa vurugu. Mimi nauza mpaka mteja wa mwisho wa tarehe ishirini na nne, kama marehemu baba alivyotufundisha, na saa nane mchana ndiyo nawasha pikipiki. Severa na watoto huwa wametangulia kwa basi. Nalala Korogwe kwa usalama, asubuhi naendelea. Kwa hiyo tatizo, ukilitazama vizuri, ni mwendo.

3. Hili la tatu nilitaka kuliacha, lakini bila hili barua ingekuwa ya nyama tu, na mimi si mlafi. Mwaka jana nilipoegesha pikipiki, mama alikuwa amekaa kwenye kile kibenchi cha getini. Nikaambiwa yupo pale tangu watu waliporudi misani. Nilimwamkia, akanishika mkono, akaniambia, "Nilishajua mwaka huu huji, mwanangu." Hakulalamika, alisema tu, kama mtu anayesema mvua imekatika. Kaka, mama ana miaka themanini na tatu. Kidari naweza kununua hapa Buguruni hata leo. Hilo neno lake sina pa kulinunulia dawa, na sitaki kulisikia tena Krismasi hii.

4. Ndiyo maana nimefanya utafiti. Jirani yangu Amjad, kijana wa Kiarabu mwenye duka la spea hapa pembeni, mtu anayejua pikipiki kwa kuzisikia tu, alinipeleka yadi moja ya Ilala wanakouza zile za michezo ya mbio. Nililinganisha nne, na sikulinganisha kwa rangi. Kipimo changu kilikuwa kimoja: je, nikiondoka dukani tarehe ishirini na nne saa nane mchana, nitakuta mbuzi yuko hatua gani?

Ya cc mia nne ni ya kistaarabu, inakaa vizuri, haipigi kelele. Ingenifikisha kidari kikiwa kwenye sinia, kimeshaanza kuguswa. Nikaikataa. Ya mia sita ina silinda nne na inanguruma kwa heshima. Hiyo ningekuta kidari kiko jikoni. Ya elfu moja ni jambo lingine. Muuzaji aliiwasha, kuku wote wa yadi ile wakahama. Nikapiga hesabu ya mwendo: ningefika mbuzi akiwa hai. Na ipo ya elfu moja na mia tatu, nyeusi, ambayo kwa hesabu zangu ingenifikisha kabla mbuzi hajanunuliwa, na hapo ningeenda mnadani kumchagua mwenyewe, mwenye kifua kipana.

Kwa uaminifu lazima nitaje kasoro ndogondogo. Kwanza, zile pikipiki hukai, unalalia. Kifua kwenye tangi, makalio juu, kama mtu anayetafuta kandambili chini ya kitanda. Kupanda niliweza. Kushuka tulisaidiana, Amjad upande mmoja na muuzaji upande wa pili, kwa sababu ya lile goti. Pili, hazina keria. Nilimuuliza muuzaji kama wanaweza kunichomelea moja nyuma, niweke gunia la mchele wa mama, sukari na ndoo ya mafuta. Akaomba kiti akakaa. Amjad ndiye aliyenijibu, kwa upole: "Mzee Tarsis, hii haifungwi mchele." Tatu, kuna askari wenye tochi za kupimia mwendo. Kila penye kibao cha hamsini, na vibao hivyo unavijua vilivyo vingi kuanzia Chalinze, ile ya elfu moja na mia tatu na hii niliyonayo zinatembea sawasawa na kigari cha Heriel. Hilo nimelifikiria. Nitafidia kwenye mbuga ya Same.

5. Kikwazo kilichobaki ni Severa. Nilimweleza yote haya kwa vielelezo, nikamchorea na barabara nyuma ya boksi la sahani. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si la kawaida, halafu akasema nikimletea maandishi ya kaka Epimaki kwamba mtu wa miaka hamsini na sita, mwenye goti, anaruhusiwa kulalia tangi kutoka Kariakoo hadi Rombo, yeye hana neno. Anajua wewe si mtu wa kusaini vitu. Ndipo nikaona nikuandikie rasmi.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu yafuatayo. Kibali, chenye saini yako na ikibidi muhuri wa kigango. Kama kibali kitashindikana, basi mbuzi asichinjwe mpaka nionekane pale njia panda, na mtoto mmoja apangwe juu ya ukuta kutazama. Kama hilo nalo ni gumu kwa sababu ya njaa za watu, kidari kitenganishwe kikiwa kibichi, kifungiwe kabatini kwa mama, na ufunguo uvae wewe shingoni. Na kama yote yatashindikana, umwone Padre, umuulize kama familia moja inaweza kuruhusiwa kusherehekea Krismasi tarehe ishirini na sita, kimya kimya, bila kuwatangazia majirani. Sioni tatizo. Wageni wangepungua na nyama ingetosha.

Nisalimie boma zima: shangazi Matilda na miguu yake, watoto wako wote, ng'ombe yule mwenye pembe moja. Dada Fortunata umwambie kitenge alichonipa nakivaa dukani. Heriel pia umsalimie, lakini usimsalimie sana.

Nakuaga nikiwa bado na matumaini na bado sijala,

Mdogo wako,
Tarsis
(Mtoto wa Pili)

Nakala: Dada Fortunata, ili amsomee mumewe. Mama asomewe pia, ila namba tatu irukwe.

Nyongeza: Kaka, kabla sijaifunga bahasha Severa aliiomba aisome. Ya pikipiki aliyaruka. Alirudi kwenye namba mbili, akaweka kidole, akaniuliza, "Heriel huwa anatoka Dar tarehe ngapi?" Nikamjibu tarehe ishirini na moja, mara tu akifunga duka, kwa sababu ya uvivu. Akauliza, "Na wewe?"

Nikaenda kupanga masufuria, na yalikuwa yamepangwa. Hilo swali nimekaa nalo siku mbili. Nimelipeleka hata kwa Amjad, nikitegemea msaada wa kitaalamu, akacheka mpaka akafunga mlango wa duka lake.

Basi ombi la kibali nalifuta. Severa ameshakata tiketi za basi za tarehe ishirini na moja, yangu ni ya dirishani, mchele utakaa chini kwenye buti. Funguo za duka atabaki nazo Amjad, na ameapa kwamba mteja wa tarehe ishirini na nne akija atamweleza nimekwenda kwa mama yangu. Hayo ya kufungia kabatini na ya Padre yafute pia. La kidari liache palepale.

Jana nilimpigia mama kumwambia kwamba mwaka huu nitafika siku nne kabla ya Krismasi. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana mama, siumwi, nakuja tu.