Msiro, kopo la maziwa na gari la Baba

Leo nimejiaibisha mbele ya msikiti mzima. Nasema mwenyewe mapema, kabla hamjasimuliwa na watu wa sokoni wakatia chumvi.

Mnalijua gari la marehemu Baba. Pikapu lile lililopauka, mlango mmoja wa bluu, wa pili rangi yake haijulikani. Ndilo lililotutoa hapa Mocímboa siku ile mbaya wavamizi walipoingia, watu juu ya watu, na mbuzi wa jirani mapajani kwangu (hakuna aliyemwita, alipanda mwenyewe). Baba akafia Pemba, mji tuliokimbilia. Sisi tukarudi nalo, lakini tangu mvua zilizopita likaanza ugonjwa wake. Linawaka vizuri, linafika kona ya kisimani, linazimika. Ukilipumzisha, linawaka tena. Kona inayofuata, kimya.

Kaka yangu Saidi kalichoka. Kamleta fundi. Fundi kafunua boneti, katikisa kichwa, kasema, "Motor fundiu." Yaani injini imeungua ndani, imekwisha. (Fundi kasema fundiu! Jina tu lilitosha kunitia shaka.)

Nikamwambia, "Fundi, motor iliyofundiu haiwaki. Hii inawaka."

Akanijibu, "Mana, dada yangu, wewe kapike."

Hapo akanichokoza.

Saidi akapatana na mtu wa sukata, wale wanaonunua vyuma chakavu, kwamba leo Ijumaa alichukue. Nikambembeleza. Nikalia kidogo (sana). Mwisho akasema, "Haya, Zaina. Tukishasali, mimi na huyo bwana tutakuwa mbele ya msikiti. Gari likifika hapo lenyewe, haliuzwi. Lisipofika, tunakuja kulivuta, na nisisikie kelele."

Basi jana nimeshinda chini ya boneti. Plagi nimezitoa, cheche zipo. Kabureta nimeisafisha. Petroli imejaa tangini, lakini inakuja mbele kwa kujivuta, halafu haiji kabisa. Kwa nini? Nimelala na swali hilo.

Leo asubuhi nikakata tamaa, nikaamua angalau nipendeze. Ijumaa ni Ijumaa. Nikasaga msiro kwenye jiwe (rafiki zangu wa mbali, huo ni mti tunaousaga na maji tukajipaka usoni, unakuwa mweupe pe, ukiuosha ngozi inang'aa). Nikajifunga kitambaa cheupe kichwani. Msiro unakauka, mimi namwandalia Mama chai. Nikachukua kopo la maziwa mazito, nikalitoboa kwa msumari. Maziwa yakatoka kidogo, yakagoma. Nikatikisa. Tone moja, yakagoma tena.

Mama akasema, "We mtoto, toboa tundu la pili! Hewa itaingilia wapi?"

Nikaganda na kopo mkononi. Hewa itaingilia wapi!

Nikatoka mbio, chai nikamwachia mwenyewe. Maana msimu wa mvua Saidi alipoteza kifuniko cha tangi la petroli. Akachonga kizibo cha mbao, akakizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, akakigongomea kwa nyundo ili maji yasiingie. Kazi safi! Hata sisimizi hapiti. Wala hewa. Nikakivuta kwa nguvu zangu zote, tangi likavuta pumzi: fyuuuu! Nikapiga kigelegele peke yangu uani.

Kizibo nikakipeleka kando, nikakitoboa kwa msumari ule ule wa maziwa, nikakirudisha. Kisha nikaenda mbele kufunga mpira wa petroli nilioufungua jana. Mikono ikawa myeusi kwa oili. Na msiro ukikauka unawasha, nyie! Nikajikuna chini ya pua. Nikajikuna kidevu. Nikajikuna tena vizuri. (Wekeni akilini hapo.)

Sala ilipokaribia kwisha, nikawasha. Kona ya kisimani nikaipita. Ya pili nikaipita. Nikaanza kuimba.

Kwenye kizuizi, mwanajeshi kijana akasimama wima. "Boa tarde, papá," yaani habari za mchana, baba. Kisha akainama dirishani, akanitazama. "Ai... mamã. Pode passar, pita." Akageuka haraka, mabega yanamtikisika. Nikafikiri ndiyo heshima, labda hajawahi kuona fundi wa kike. Sokoni nako wanawake wakapiga vigelegele, mmoja akapaza sauti, "Shikamoo, babu!" Nikajua analisalimia gari, maana umri linao. Nikamwitikia kwa honi.

Nikafika msikitini watu wamejaa nje, sala imekwisha. Saidi yuko ng'ambo ya barabara na mtu wa sukata, sigara mkononi, amenipa mgongo. Nikapiga honi kama alivyozoea Baba, mbili fupi na moja ndefu.

Saidi akageuka. Akaliona gari, akauona uso nyuma ya kioo, na sigara ikaenda nyuma ya mgongo! Mtu mzima, ameshaoza binti, anaficha sigara vile vile alivyoificha maisha yake yote Baba akitokea. Akasema kwa sauti, watu wote wakasikia, "Baba, nilikuwa nimemshikia mtu!"

Halafu msikiti mzima ukaangua kicheko, na imamu ndani yake. Nikajitazama kwenye kioo. Yarabi! Uso mweupe, kitambaa kama kilemba chake, masharubu meusi kama yake, ndevu za kidevuni. Baba mtupu.

Nilitaka kuingia chini ya usukani. Lakini injini ilikuwa inaunguruma, haikohoi, haizimiki, na hiyo kazi nimeifanya mimi. Nikakaa sawa. Nikacheka, nikalia, vyote pamoja (oili ikachuruzika, ndevu zikarefuka).

Mtu wa sukata, kamba begani, akauliza, "Sasa patrão, bosi wangu, tunalivuta au vipi?"

Saidi akaidondosha sigara, akaikanyaga.

"Haliuzwi," akasema. "Mwenyewe karudi."

Naomba msicheke. Na atakayetaka lifti ya kwenda Quiterajo, aanze na shikamoo, mzee.