Yah: Kukamatwa Mara Saba kwa Shangazi Yangu, Mchochezi wa Watu Wasiokuwepo

Mheshimiwa Mkuu wa Kituo,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia nikiwa mkalimani wa muda wa mahakama iliyo mkabala na kituo chako, mhitimu wa shahada ya isimu, daraja la pili la juu, na, kwa bahati ambayo sikuiomba, mtoto wa kaka yake mshitakiwa. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi sikuja kula. Nimekuja kueleza tu, bila kuegemea upande wowote.

Shangazi ni mshonaji mwenye cherehani moja na magoti mabovu mawili. Amekamatwa mara saba katika miezi kumi na minne, na kosa ni lile lile. Fomu ya wakazi ina orodha ya makabila, na mwisho wa orodha pana kisanduku kilichoandikwa "Wengineo". Watu wa kabila lake hutakiwa kuweka alama hapo. Mimi mwenyewe, nilipoomba kazi, niliiweka. Shangazi yeye hulikata neno hilo kwa mstari ulionyooka kama wa chaki kwenye kitambaa, juu yake akaandika jina la kabila lake, kisha akageuka kuwaonyesha walio nyuma yake kwenye foleni jinsi ya kufanya. Ijumaa iliyopita mwendesha mashtaka alimwambia hakimu kwamba safari ya nane hakutakuwa na dhamana. Ndiyo maana nimeona nisichelewe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Waliochochewa. Hati ya mashtaka inasema shangazi amewachochea watu wa kabila lake. Mwendesha mashtaka huyo huyo alipobanwa alisema serikali haina kabila la jina hilo. Hakimu akavua miwani: "Sasa huyu mama kamchochea nani?" Akajibiwa, "Hao hao, mheshimiwa." "Hao wepi?" "Hao ambao hawapo." Kesi ikaahirishwa ili upelelezi ukamilike. Kwa elimu yangu yote nashindwa kujua mpelelezi ataanzia wapi kuwatafuta, na akiwapata ataandika nini.

2. Neno lenyewe. Shangazi anakijua Kiswahili kunishinda, lakini akifika mahakamani hukiacha mlangoni na kudai mkalimani, jambo ambalo ni haki yake na ndilo lililonipa kazi. Katika lugha yake, neno pekee la kuchochea ni lile la kusukumia kuni jikoni. Nilitafsiri kwa uaminifu, kama nilivyofundishwa. Nikamuuliza kama ni kweli amekuwa akichochea. Akajibu, nami nikatafsiri tena kwa uaminifu: "Kila asubuhi. Kwani kwenu chai hujichemsha yenyewe?" Hakimu akaandika kwamba mshitakiwa amekiri. Ilinichukua dakika arobaini kuliondoa ungamo hilo kwenye kumbukumbu. Tangu siku hiyo wachuuzi wa nje ya mahakama wakikutana huulizana, "Umechochea, jirani?" na kujibizana, "Nimechochea, unawaka." Kabla ya kesi hii walikuwa wakiamkiana kama watu wengine.

3. Utaratibu wa ukamataji. Mara ya saba, konstebo wako alimkuta shangazi akipinda suruali. Suruali hiyo, naona aibu kuandika, ilikuwa ya konstebo mwenyewe, ameipeleka juzi yake. Shangazi akamwambia, "Keti, baba. Mguu mmoja tayari, mmoja bado. Ukinichukua sasa, kwenye gwaride la Jumatatu utatembea mguu mrefu mguu mfupi, halafu useme nimekuroga." Konstebo aliketi saa nzima, akahudumiwa kwa maji ya kunywa. Taarifa yenu inasema mtuhumiwa "alikaidi amri". Hakukaidi, alikuwa anapinda. Na kama kuna sheria iliyopindwa siku ile, ilipindwa kwa uzi wa kaki, mbele ya askari aliyekuwa akihimiza iende haraka.

4. Mahabusu. Shangazi hulazwa chumba cha wanawake, kama inavyopasa, lakini ukuta wenu ni mwembamba na sauti yake ni ya mtu aliyezoea kushindana na cherehani. Chumba cha pili huwamo mwizi wa baiskeli ambaye kwa miujiza ya ratiba yenu amekamatwa mara nne sambamba naye. Alianza kwa kuitikia salamu kupitia ukutani. Akaingia kwenye hesabu, majina ya viungo vya mwili, methali. Leo anaizungumza lugha hiyo vizuri kunipita, na wiki iliyopita ameandika barua ya kuomba nafasi yangu. Karani wa mahakama alinifariji hivi: "Usijali, mdogo wangu, wewe una shahada. Yeye ana matamshi tu." Koplo wa kaunta naye siku hizi humjulia hali shangazi kwa lugha hiyo hiyo, tena hukosea ngeli, jambo linaloniumiza kitaaluma. Shangazi hakuwahi kupata wanafunzi wengi hivi alipokuwa huru.

5. Nyaraka. Hili ni zito kuliko yote. Kabla hajakamatwa mara ya kwanza, hapakuwa na karatasi hata moja ya serikali yenye jina la kabila lake. Nina uhakika, kwa sababu niliitafuta kwa ajili ya tasnifu yangu, nikakatwa alama kwa kukosa vyanzo. Leo karatasi hizo ni saba, hati moja ya mashtaka kwa kila ukamataji. Zimechapwa, zimegongwa muhuri, na kila moja ina sahihi yako. Jina mnalolikana kwa mdomo mnalithibitisha kwa muhuri, tena kwa nakala tatu. Ndiyo maana sikuliandika humu. Najua kila barua inayoingia ofisini kwako hugongwa "IMEPOKELEWA", nami nisingependa kuwa chanzo cha hati ya nane.

Kwa hoja hizo naomba shangazi asikamatwe tena. Mkimwacha, atakata neno moja katika fomu moja, karani ataitupa kabatini, na panya watamalizia kazi. Mkiendelea kumkamata, kabila lake litazidi kuwapo kila mwezi. Kama kumwacha ni kugumu, ipo njia fupi zaidi: liandikeni jina hilo kwenye orodha. Ni herufi tisa. Siku hiyo shangazi atafika dirishani na kalamu yake, hatakuwa na cha kukata wala cha kuandika, na mtakuwa mmemmaliza kabisa.

Nisalimie koplo wa kaunta, dereva wa karandinga, konstebo na mkewe, na mpelelezi popote alipo katika kuwatafuta wasiokuwepo. Mwizi wa baiskeli, kama yupo, mwambie simwekei kinyongo.

Ni mimi niliye mtiifu kwako, nikisubiri kwa subira kuthibitishwa kazini,

Mkalimani wa Muda (Lugha Nyinginezo)

Nyongeza, baada ya kutia sahihi: Nilimsomea shangazi barua hii nikitarajia sifa. Alisikiliza hadi mwisho, akatoa pini mdomoni, akasema, "Umeandika kisomi, mwanangu. Sasa ichane, utaniharibia." Kumbe Tume ya Orodha ya Makabila haipokei jina jipya mpaka lionekane katika hati nane za serikali zenye muhuri, na maombi yanafungwa mwisho wa mwezi huu. Zile saba nilizozilalamikia anazo zote kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro. Foleni alikuwa akizichagua zile zenye askari karibu.

Sikuichana, kwa kuwa nimeiandika mara nne na mwandiko umetulia. Badala yake, kwa heshima ile ile, naomba ipokelewe pamoja na masahihisho yafuatayo. Palipoandikwa "asikamatwe" pasomeke "akamatwe, kabla ya tarehe thelathini". Palipoandikwa "kabila lake" pasomeke "kabila letu". Na kwa kuwa safari hii hakuna dhamana, na sakafu yenu ni ya saruji, na magoti yake hayawezi tena kuinuka toka chini bila kushikwa mkono, katika ombi langu palipoandikwa "shangazi" pasomeke "mimi". Nitakuwa kaunta Jumatatu saa mbili asubuhi na fomu yangu, nimeshaijaza.

Sahihisho hili la mwisho shangazi hajasomewa.