Shangazi Alivyoufunga Mlango wa Upasuaji

Sogeeni, enyi mliowahi kukaa kwenye benchi la hospitali mpaka mbao zikawachora mistari. Sogeeni, enyi mlioambiwa "subiri kidogo" asubuhi na "rudi kesho" jioni. Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, maana haya si ya kukatizwa. Wengine wamewasimulia majemadari walioteka miji, na wafalme waliovuka majangwa wakafika ng'ambo na kiu yao. Mimi nawaletea habari kubwa kuliko hizo: habari za mwanamke aliyefunga mlango.

Naam, mlango. Msicheke bado.

Mlango wenyewe ulikuwa wa chumba cha upasuaji, katika hospitali yenye korido moja ndefu na feni moja inayozunguka ikijisikia. Ulifungukia nje, koridoni, na springi yake ilikufa zamani, ikasahauliwa bila hata rambirambi. Kila aliyepita aliuacha wazi nyuma yake, ukabaki umeachama kama mdomo wa abiria aliyesinzia, mpaka atokee mwenye huruma aupige teke. Vumbi liliingia. Nzi waliingia. Na waliopasuliwa mle ndani, wengi vidonda vyao vilitunga usaha.

Ndipo wakaja Watafiti.

Walikuja na magari meupe, fulana za maandishi kifuani na vitambulisho shingoni, wakiongozwa na yule tuliyembatiza Bwana Takwimu, Simba wa Semina, Mwenye Grafu za Rangi, mtu asiyeweza kukusalimia bila kukutajia asilimia. Walitaka kujua kwa nini vidonda vinaoza katika hospitali zisizo na uwezo. Wakakaa, wakanywa chai, wakatafakari, wakaamua kuhesabu mlango unafunguka mara ngapi wakati mgonjwa yuko mezani.

Sista mkuu akawauliza, "Si mtununulie springi tu, jamani?"

Bwana Takwimu akamtazama kwa upole, kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza mwezi unalala wapi. "Sista, tukiutengeneza mlango sasa, tutahesabu nini?"

Hoja hiyo ilimshinda sista, na mimi mpaka leo inanishinda.

Basi wakaweka ndani, kwenye kona, Mhesabu wao: baba mzima mwenye digrii na kishikwambi, ambaye kazi yake ilikuwa kugusa kioo kila mlango unapofunguka. Kisha akaingia msimamizi kuangalia kama Mhesabu anahesabu. Mlango ukafunguka, Mhesabu akagusa. Akaingia mpiga picha kumpiga picha msimamizi; Mhesabu akagusa. Mhesabu akatoka kuuliza kama kufunguka kwa msimamizi nako kunahesabika, akarudi, akagusa mara mbili kwa ajili yake mwenyewe. Jeshi gani lililowahi kujizingira hivyo? Walikuwa kama watu wanaopima kina cha matope kwa kurukaruka ndani yake.

Sasa, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni fundi cherehani. Cherehani yake ni ya kukanyaga. Pikipiki ilimvunja mguu wa kulia, ule wa kazi, na daktari akasema mfupa lazima uungwe kwa chuma. Wodini walimlaza jirani na mwashi mmoja aliyewekewa chuma kama hicho kabla yake.

"Karibu, jirani," Mwashi alimwambia. "Mimi nilikuja na mguu unaouma. Sasa nina mguu unaonuka."

"Ilikuwaje, kaka?"

"Walinichoma sindano ya mgongo, nikawa macho, sisikii maumivu. Nimelala pale naona kila kitu. Mlango ule ulifunguka kama wa duka siku ya sikukuu! Watu wanaingia, wanaangalia mguu wangu, wanatoka. Mmoja nikamwambia karibu ukae."

Fundi akacheka, kisha akaacha kucheka. Alinigeukia akaninong'oneza, "Shemeji, mguu huu ukioza, nitashonea nini? Mikono peke yake?"

Nilimnyooshea shuka.

Na hapo ndipo, kama mvua inayotangulizwa na upepo, alipotokea Shangazi.

Nisaidieni pumzi nimtaje inavyompasa! Shangazi yake Fundi, mtunza choo cha stendi, Ngome yenye Khanga, Mwenye Funguo Kiunoni, Aliyewazuia Wenye Haraka Kuliko Wote Duniani! Hakujua kusoma grafu. Habari za vijidudu alizisikia redioni, akaziweka kwenye fungu moja na habari za mashetani: huenda vipo, ila yeye havijawahi kumsalimia. Mtu yeyote asije akasema kwamba siku ile aliongozwa na elimu. Aliongozwa na aibu tu, na nitawaeleza.

Siku ya Fundi kuingia, tulikaa mimi na Shangazi kwenye benchi la korido, hatua chache tu kutoka kwenye ule mlango. Wakamsukuma ndani, akatupungia mkono. Haikupita muda mlango ukafunguka, msimamizi akatoka, ukabaki wazi. Na Shangazi, aliyekuwa anafungua kifurushi chake cha karanga, akainua macho akamwona mtoto wa kaka yake amelazwa mezani kama alivyozaliwa, kuanzia kiunoni kushuka.

"Mkwe," akaniambia kwa sauti ya chini, "angalia ukutani."

Nikaangalia ukutani. Mlango ukapigwa teke, ukafungwa. Ukafunguka tena, mpiga picha huyo. Ukafunguka tena, msimamizi karudi. Kila ukifunguka mimi nakimbilia ukuta, na Shangazi anavuta khanga kichwani.

"Mtu mzima kavuliwa nguo," akasema, "nao wanapita kama wanakwenda kununua nyanya!"

Ndipo msimamizi na mpiga picha wakatoka kwenda chai, na nyuma yao akatoka Mhesabu kutafuta chaja, maana kishikwambi kilikuwa kinakata roho. Mlango ukabaki umeachama. Shangazi akasimama. Karanga zikamwagika, naye hakuziokota. Enyi watambaji wa kale, hapo mngepiga ngoma!

"Mkwe, shika huko."

Nikashika huko. Tukaliinua benchi, yeye upande wa nguvu, mimi upande wa msaada. Akausukuma mlango kwa kisigino mpaka ukatulia, tukaliegesha benchi kwenye mlango, naye akakaa katikati. Benchi likalia. Sakafu ikaitikia.

Akarudi Mhesabu, chaja mkononi. "Samahani mama, naomba kupita."

"Pita, mwanangu. Korido ni ndefu."

"Napita hapa."

"Hapa nimekaa mimi."

"Mama, mimi ni mtu wa utafiti."

"Na mimi ni shangazi."

"Nahesabu mlango!"

"Hesabu. Huu hapa, mmoja, umefungwa. Umeshamaliza, nenda kapumzike."

Mhesabu akaangalia kishikwambi chake, nacho kikazima. Akakimbia kuita jeshi.

Kwenye kidirisha cha kupitishia vifaa kikatokea kichwa cha sista. "Mama, na sisi tukitaka kutoka?"

"Gongeni, binti yangu, nitanyanyuka. Wa kutoka simzuii. Nawazuia hawa wa kuja kutazama uchi wa watu."

Sista akamtazama, akautazama mlango uliofungwa kama mtu anayeona theluji mara ya kwanza, akarudisha kichwa ndani.

Kumbe mle ndani Fundi alikuwa macho kwa ile sindano, na alitusimulia baadaye. Daktari aliinua uso akasikiliza kelele za nje. "Nani huyo?"

"Shangazi yangu, daktari."

"Anafanya nini?"

"Sijui, daktari. Ila akishakaa, amekaa."

Daktari akasema, "Basi mwacheni akae," akaendelea kukaza skrubu.

Sasa akaja Bwana Takwimu mwenyewe, na wageni nyuma yake wamevaa magauni ya kijani na kofia za plastiki, wakionekana kama kabichi zilizopewa vyeo. Akasimama mbele ya benchi, akarekebisha tai, akatoa hotuba.

"Mama yangu mpendwa! Utafiti huu ni kwa faida ya wagonjwa. Maelfu ya watu, katika hospitali kama hizi, wanapata vidonda vibaya kwa sababu ya milango kama huu. Ukituzuia sisi, unawazuia wao. Tupe nafasi tuingie tuone mlango huu unavyofunguka!"

Wageni wakatikisa kofia. Hotuba ilikuwa nzuri, sitaki kusema uongo. Ilikosa tu mtu wa kuyasikiliza yale iliyokuwa ikiyasema.

Shangazi akakunja khanga, akajibu akiwa amekaa, maana angesimama tu vita vingekwisha.

"Baba, mimi ni mtu wa mlango wa choo. Wanashuka watu kwenye mabasi ya mbali, magoti wameyabana, jasho linawatoka, wananiita mama, wananiita malaika, halafu wananiita majina mengine. Nikishasema ndani kuna mtu, ndani kuna mtu! Wale wamebanwa kwelikweli, na nimewazuia. Wewe na tai yako umebanwa na nini?"

Kabichi moja ikacheka.

"Mama, unaharibu data!"

"Hiyo data ni mtoto wa nani? Wa kwangu yuko humu, na hana suruali."

Bwana Takwimu akapiga simu kwa Mganga Mkuu wa hospitali. Mganga Mkuu akaja kwa kishindo, akafika kwenye kona, akamwona Shangazi na upana wake na funguo zake, akakumbuka kwamba ana kikao. Jeshi likasimama pale likihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Mwishowe likaenda kula.

Na mle ndani kukawa na kimya ambacho chumba kile hakikuwa kimekijua tangu kijengwe.

Siku zikapita. Bandeji ya Fundi ikafunguliwa, kidonda kikavu kama mkate wa jana. Alikanyaga chini, akauma meno, akakanyaga tena. Lakini Mwashi alirudishwa mezani kabla ya hapo, na alipotoka, mguu wake uliishia juu ya goti. Utani wake wote ulibaki chumba kile kwa muda, akaufuata baadaye akiwa na magongo.

Hatimaye Watafiti wakaita mkutano wa kutuletea matokeo, ukumbini, na maji ya chupa. Grafu ikawashwa ukutani. Palikuwa na nguzo nyekundu ndefu ya waliooza vidonda, na humo ndimo alimokuwa Mwashi. Bwana Takwimu hakumtaja, ila alisifu data za kundi lile kuwa kamili kabisa, halikukosa hata kufunguka kumoja. Mwashi, kwenye kiti cha mbele, akainamisha kichwa kama mtu anayepewa zawadi asiyoiomba.

"Na mgonjwa mmoja," akaendelea Bwana Takwimu, akikunja uso, "tumelazimika kumwondoa kwenye utafiti. Mlango uliacha kufunguka katikati ya upasuaji, kwa hiyo hatukuwa na cha kuhesabu."

Nyuma kabisa kiti kikakwaruza, Fundi akasimama kwa miguu miwili.

"Ni mimi huyo."

Shangazi, aliyekuwa pembeni yake, akageuza kichwa. "Wamekuondoa?"

"Wameniondoa, Shangazi."

"Kwenye karatasi?"

"Kwenye karatasi."

"Kaa, mwanangu. Heri kuondolewa kwenye karatasi na kuachiwa mguu."

Aliyecheka wa kwanza alikuwa Mwashi. Alicheka mpaka gongo likaanguka, akacheka huku anafuta macho, na hakuna aliyemuuliza yale ya machoni ni ya kicheko au ya nini. Bwana Takwimu akasubiri tumalize, kisha akasoma hitimisho: kwamba jambo hili ni zito, na linahitaji utafiti zaidi, wa mlango uleule.

Tukatoka kwa korido. Mlango ulikuwa wazi, umeachama, na ndani taa ya meza inawaka juu ya mtu tusiyemjua. Fundi akasimama. Mwashi akasimama. Shangazi hakusimama; alipita tu, na akiwa anapita akaupiga kisigino.

Ukafungika.

Yaandikeni hayo, enyi waandishi wa zama, kwenye ukurasa wa mbele kabisa, juu ya majemadari na majangwa yao: alipita Shangazi, mlango ukafungika. Nasi wengine wenye visigino tulikuwepo siku zote, tukipita palepale.