Kuhusu Mwanachuo Namba 117 na Kabati Langu la Nguo

Mkuu wa Idara ya Mbinu za Kufundishia,
Chuo cha Ualimu,
Chumba cha pili kutoka stoo.

Kwa: Mkuu wa Chuo

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA ELIMU MASAFA, KOMPYUTA ZOTE, NA HASA MWANACHUO NAMBA 117

Ndugu Mkuu wa Chuo,

Natumaini u mzima na ofisi yako ni nzima. Mimi si mzima sana, na sababu zake ndizo hizi ninazokuandikia kwa kalamu ya wino juu ya karatasi, kama watu walivyokuwa wakiandikiana kabla hatujaharibikiwa.

Ijumaa Kamati ya Taaluma inakutana kuamua kama mafunzo ya ualimu kwa masafa yaendelee mwaka wa pili au yafungwe. Umenikumbusha mara tatu kwamba wajumbe wamegawanyika nusu kwa nusu na kura yangu ndiyo itakayoamua. Vizuri. Sizunguki mbuyu: kura yangu ni yafungwe. Tena kabla hayajafungwa, naomba mwanachuo namba 117 afukuzwe kwanza, asije akawaambia watu kwamba aliondoka kwa sababu mafunzo yalifungwa. Aondoke na jina baya. Jina lenyewe silijui, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

1. Majina. Kwa miaka ishirini na tisa nimeita mahudhurio kwa mdomo wangu. Nikiita jina, mtu husimama, namwona viatu, namwona macho, najua kama amelala na kama amekunywa chai. Sasa kioo cha kompyuta kinaniletea viduara mia mbili na kumi na mbili vyenye namba. Mama Nywila (ndivyo tunavyomwita mtaalamu wetu wa TEHAMA, maana hakuna anayeingia popote bila kumpigia simu kumwuliza nywila) ananiambia imefanywa makusudi, ili mkufunzi asimpendelee mtu anayemjua. Mimi? Nimpendelee nani? Tangu niajiriwe sijawahi kumpa mtu alama nane kwa kumi, hata ndugu zangu wa damu waliopita hapa, na mmoja wao hajanisalimia mpaka leo.

2. Maneno. Tuna dirisha lisiloingiza hewa na kipanya kisichokula. Nimeagizwa nipakie maandalio yangu ya masomo winguni. Nikauliza, kwa nia njema kabisa, kama yatakuwa salama likianza kunyesha. Ofisi nzima ikacheka mpaka karani wako akamwaga chai juu ya ratiba ya mitihani. Sikuwa natania, Mkuu.

3. Kipaza sauti. Kwa kuwa ufunguo wa chumba cha kompyuta umepotea tangu siku ya uzinduzi, nafundishia nyumbani, sebuleni, kompyuta ikiwa juu ya meza ya kulia. Jumanne ya wiki ya tatu, saa nne barabara, nilikaa tayari na tai yangu shingoni. Chini ya kioo nikaona kialama cha kipaza sauti kilichopigwa mstari mwekundu. Sasa Mkuu, wewe ni mwalimu mwenzangu. Mstari mwekundu maana yake nini? Maana yake mtu mwenye mamlaka ameshapitia na kusahihisha. Nikajua Mama Nywila ameshakikagua kipaza sauti changu na ameridhika nacho. Nikafundisha dakika arobaini na tano, somo la Namna ya Kuuliza Maswali Darasani, kwa sauti ya kumfikia aliyekaa nyuma kabisa, mpaka koo likakauka.

Katikati ya somo niliuliza: mwanafunzi akikaa kimya, huwa anamwambia nini mwalimu wake? Hapo hapo majibu yakaanza kumiminika kwenye kioo: hatukusikii, hatukusikii, hatukusikii. Nilifurahi sana. Niliwasifu mmoja mmoja kwa namba zao, nikasema hilo ndilo jibu lenyewe, nikaendelea. Baada ya kipindi Mama Nywila akanipigia simu kunieleza maana ya mstari ule. Sitaki kuyarudia aliyoniambia, wala niliyomjibu.

4. Mwanachuo namba 117. Kwa hiyo, kwa ushahidi wa mtambo wenyewe, hakuna kiumbe aliyelisikia somo lile. Sivyo? Lakini Alhamisi zilipokusanywa kazi, wanachuo mia mbili na kumi na mmoja waliandika kwamba hawakusikia kitu, na mmoja, namba 117, aliwasilisha somo zima. Zima! Kuanzia salamu. Mifano yangu yote mitatu kwa mpangilio wake. Kwenye mfano wa pili ameandika pembeni kwamba hapa mkufunzi alikohoa na akatukana kidogo kikombe. Kweli nilikitukana kikombe, kilikuwa kitupu.

Haikuishia hapo. Katika kazi ya pili, iliyohusu mwalimu kujiamini mbele ya darasa, huyu 117 ametoa mfano wa mwalimu kijana ambaye suruali yake ilipasuka nyuma siku ya mkaguzi, akafundisha vipindi viwili mgongo ukiwa ukutani, na mkaguzi akamwandikia kwamba ana nidhamu ya kusimama wima. Mkuu, mwalimu yule ni mimi. Kisa kile sijamsimulia mtu yeyote isipokuwa mke wangu, tena miaka mingi iliyopita, tena kwa kumwapisha. Nimeshindwa kupata maelezo mengine zaidi ya hili: kompyuta inasikiliza hata ikiwa imezimwa, na namba 117 anauziwa habari zangu.

5. Afya ya nyumba yangu. Mama watoto ni mtu mwenye afya ya chuma. Sijawahi kumwona akimeza kidonge. Lakini tangu kompyuta hii iingie nyumbani, anaumwa kichwa kila Jumanne na Alhamisi, saa nne kamili, kama aliyepangiwa ratiba. Nikianza tu kufundisha, yeye anashika kichwa, anaingia chumbani, anafunga mlango. Kipindi kikiisha anatoka mzima kabisa, amechangamka, na ana njaa. Mionzi hiyo! Nimemshauri aende kwa daktari akakataa, akasema yatakwisha Novemba. Ameijuaje Novemba, mwezi tunaofunga muhula, mimi sielewi. Naandika haya kwa uchungu, kwa sababu nampenda mke wangu na sipendi kumwona akiteseka kwa ajili ya kazi yangu.

6. Wizi wa samani. Hapa ndipo maji yaliponifika shingoni. Kwa mazoezi ya kufundisha, kila mwanachuo alitakiwa kujirekodi video akifundisha watoto wasiopungua watano. Nimeifungua ya namba 117. Sauti haikutoka, sijui kwa nini, lakini macho ninayo. Mwalimu mwenyewe haonekani kichwa, kimekatwa na ukingo wa juu; ni mwanamke aliyevaa gauni la kijani, la heshima, ambalo sijawahi kuliona maishani mwangu. Anafundisha hesabu za sehemu. Ubao wake ni mlango wa kabati la nguo, anaandika juu yake kwa chaki. Mkuu, ni kabati langu. Lina ufa ule ule upande wa kulia, na kitasa kile kile nilichokifunga kwa waya. Zana yake ni shuka la mistari ya bluu linalokunjwa nusu, robo na thumuni, na shuka hilo ndilo nililolalia jana.

Nilikimbia chumbani. Kabati lipo. Shuka lipo. Kwa hiyo kompyuta haivichukui vitu vyenyewe, inachukua picha zake kimyakimya na kumgawia asiye navyo. Hata watoto watano waliokaa sakafuni ni wa majirani zangu, nawafahamu kwa majina na kwa tabia, na wazazi wao hawana habari kwamba watoto wao wamenakiliwa. Halafu tena kwenye boksi langu la chaki zimepungua mbili. Nikamwita mke wangu aje ajionee maajabu. Alitazama kidogo, akakohoa sana, akatoka nje kupata hewa. Mionzi tena.

Nimempa namba 117 sifuri. Kwa wino mwekundu.

7. Kwa hiyo basi, kwa heshima na taadhima, naomba yafuatayo: namba 117 afukuzwe kabla ya Ijumaa, kompyuta zirudishwe zilikotoka, zikiwa zimefunikwa macho, mafunzo kwa masafa yafungwe, na kuanzia sasa anayetaka kuwa mwalimu aje hapa kwa miguu yake, alale bwenini miaka miwili, aache nyumba na watoto na kila kitu kama tulivyoacha sisi. Asiyeweza kuja, basi ualimu haukuwa fungu lake. Sijali ni wangapi.

Nisalimie karani wako na umwambie ile ratiba ikikauka inasomeka. Nisalimie mkutubi, mpishi wa bwalo, mlinzi wa lango dogo na yule wa lango kubwa ingawa tumekosana, na wajumbe wote wa Kamati, wale wa upande wangu kwanza. Mama Nywila naye mpe salamu, ila za mbali.

Wako mtiifu, mwenye vumbi la chaki mabegani,

Mkuu wa Idara ya Mbinu za Kufundishia

Nyongeza baada ya sahihi:

Mkuu, barua zangu za kiofisi hupitiwa na mke wangu kabla hazijatoka, kwa kuwa mimi na herufi h tuna ugomvi wa siku nyingi. Hii ameirudisha sasa hivi, akaiweka mezani, akaenda jikoni. Amerudisha h tatu mahali pake, amehamisha mkato mmoja, na pembeni mwa namba nne ameandika kwa kalamu nyekundu: Ni mimi huyo.

Nimeisoma sehemu ile mara nyingi. Halafu nikamfuata jikoni.

Kumbe alisoma chuo hiki hiki. Nasema kumbe, na nilikuwepo! Alikuwa mwanzoni mwa mwaka wa pili kifungua mimba wetu alipozaliwa, tukakubaliana apumzike, arudi mwaka unaofuata. Mimi ndiye niliyesema mwaka unaofuata. Imepita miaka ishirini na minne na sikulitaja tena. Hakuniambia amejiandikisha kwa sababu alijua nitasema nini, na ni kweli ningesema yaliyomo kwenye namba saba. Wewe ulijua, maana fomu yake ina sahihi yako. Hatujamalizana.

Kuhusu gauni la kijani: nilimnunulia mimi. Analivaa mwaka wa sita huu. Nimeona aibu, sina namna nyingine ya kulisema.

Kwa hiyo kura yangu ya Ijumaa ni yaendelee, na wa upande wangu nitawafuata mmoja mmoja majumbani niwaeleze nimehama. Sifuri ile nimeifuta. Kazi zake zote naomba apewe mwenzangu wa Saikolojia, asahihishe bila kujua ni za nani, nami nisiulizwe chochote, maana sasa nampendelea waziwazi. Barua hii ichukulie kama haikuandikwa. Sikuichana kwa sababu ina masahihisho yake, na nilitaka uyaone yalivyo nadhifu.

Mwisho, amenionyesha pa kubonyeza ili sauti itoke, tukaitazama ile video pamoja tumekaa kitandani. Mtoto wa jirani, yule mtundu, alikosea robo mara mbili. Mimi ningemwambia amekosa, nikamwita mwingine. Yeye alilikunjua shuka lote, akampa ncha moja mtoto, akashika nyingine, wakaanza upya taratibu huku akimwuliza kila wakifika kwenye mkunjo. Mara ya tatu mtoto akapiga kelele kwa furaha, na darasa zima likacheka naye. Nimeishi na mke wangu miaka yote hii, Mkuu, na ndiyo kwanza namsikia akifundisha.