Habari za Kichupa Kilichoingia Chini ya Friza

Sogeeni, enyi mnaoshuka ngazi kwa upande, enyi mnaotafuta kiti kabla ya kuitikia salamu, nanyi mnaojua mvua inakuja kwa kuwa goti limekwisha kusema. Tegeni masikio niwasimulie vita visivyo na mfano, vilivyopiganwa baina ya adhuhuri na chakula cha mchana, katika maabara ya ghorofa ya pili, na shujaa wake, msinicheke, ni mimi.

Mimi ndimi Bingwa wa Magoti ya Watu. Nilisoma hata vyuo vikaishiwa vyeti vya kunipa, nikatunukiwa uzamivu, kisha nikaingia katika ile daraja ya watafiti waliomaliza kusoma ila bado hawajaajiriwa kwelikweli, ambao mikataba yao huongezwa kwa kuhurumiwa. Adui yangu ni yule msagaji asiyelala, asagaye gegedu, lile tabaka laini linalozuia mfupa usisuguane na mfupa mwenzake, hata mtu akiinuka, yeye na kiti wote wakalia. Dawa nyingi zikichomwa gotini huoshwa zikaenda zake kabla hazijafanya lolote. Sisi tumeunda moja iliyofungiwa kishikio kidogo kinachong'ang'ania gegedu kama kupe, isibanduke mpaka imalize kazi. Iliyobaki ilikuwa katika kichupa kimoja, kidogo kama kidole cha mtoto, imeganda, nayo ikiyeyuka yote imeharibika. Kutengeneza nyingine ni kazi ya miezi, na mkataba wangu haukuwa na miezi hiyo. Zaidi ya yote, mama yangu mzazi anaumwa goti kwa ugonjwa huohuo ninaoutafiti, nami nilikuwa nimemwahidi.

Sasa usikieni ujinga wa shujaa wenu. Nilikitoa kichupa katika friza ili nikitie katika ndoo ya barafu kavu, ile inayogandisha badala ya kupoza tu, iliyokuwa juu ya meza, na glavu yangu ilikuwa na unyevu. Kikaniponyoka. Kikadunda, kikaviringika kwa madaha mbele ya macho yangu, kikaingia chini ya friza, mahali ambapo mashine ile hutemea joto lake lote. Nyuma ya kioo, katika chumba cha pili, wenzangu walikuwa wakimsikiliza Profesa akiwahutubia wageni kwamba hapa ndipo magoti ya walimwengu yatakapokombolewa. Ningeita, wangekuja. Lakini je, Bingwa wa Magoti aite watu wamsaidie kupiga magoti? Sikuita.

Nikautwaa mkuki wangu, yaani rula, nikainama kiasi cha kulinda heshima, nikachokoa. Mkuki ukamfikia mlengwa, ukamsukuma ndani zaidi. Hapo ikabaki njia moja tu, nayo nilikuwa nikiikwepa tangu siku niliyoanguka nikicheza mpira wa pete, maana goti langu la kulia nalo limeanza kusagika, jambo ambalo Profesa halijui, na ambalo mimi mwenyewe hujifanya silijui. Nikashuka. Goti likalia kama biskuti inayovunjwa. Nikalala kifudifudi, shavu sakafuni, nikafunuliwa yaliyositirika: kalamu tele, mende aliyefariki zamani, na kile kifuniko nilichomshutumu mwenzangu kwamba amekiiba. Nikaunyoosha mkono hata bega likaomba radhi, nikakitia kichupa kiganjani.

Mnadhani ndio ushindi? Kiganja changu kilikuwa cha moto, barafu ya dawa ilikwisha kuanza kulowa pembezoni, ndoo ilikuwa juu mezani, na mimi nilikuwa chini. Nikajaribu kuinuka, goti likagoma. Nikajaribu kwa hasira, nalo likagoma kwa hasira kunishinda. Nikashika stuli, na kwa kuwa stuli ile ina magurudumu, ikaondoka zake. Niliogopa kwelikweli, maana niliiona kazi yangu yote ikigeuka maji mkononi mwangu. Ndipo simu ikalia mfukoni. Alikuwa mama, ambaye kila mchana hupiga kuuliza kama nimekula.

"Ewe mama uliyenizaa," nikanena, nikiwa nimeiweka simu sakafuni karibu na pua yangu, "mwanao yuko katika uwanja wa vita. Ushindi ameutia mkononi, ila ardhi imemshika na haimwachii."

"Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimepiga magoti, na sasa siwezi kuinuka."

"Goti gani?"

"La kulia."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Na hukuniambia. Haya, tutagombana baadaye. Mkononi una nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya goti, mama."

Nilimsikia akijizuia asicheke, na hakufanikiwa. "Basi itie mfukoni, mikono yote miwili ina kazi. Geuka ukae kama mtoto anayetambaa. Umegeuka? Kuna kitu kizito hapo karibu?"

"Kuna kabati."

"Likamate. Sasa mguu mzima ndio utangulie, ukanyage, huo mbovu uuache nyuma. Usijivute kwa mikono, sukuma kwa mguu. Ukifika katikati pumzika, hakuna anayekufukuza."

Nikatambaa, nikalikamata, nikakanyaga. Nikafika katikati, nikapumzika kama nilivyoagizwa, nikiwa nimeinama mbele ya kabati la glavu kama mbele ya sultani. Kisha nikasukuma, na chumba chote kikashuka nami nikapanda. Nikakitumbukiza kichupa katika ndoo, nikakitazama. Katikati palikuwa pamebaki kipande cheupe, kigumu, na pembezoni barafu ilianza kurudi.

"Imepona," nikasema.

"Na wewe?"

"Nimesimama. Mama, haya yote umeyajulia wapi?"

"Ningeyajulia wapi? Ndivyo ninavyotoka kitandani. Na kwenye kiti, na bafuni."

"Mbona kila nikikuuliza unasema goti halijambo?"

"Nikwambie nini mwanangu, na wewe ndiye unayetengeneza dawa? Ungeona kama nakuharakisha."

Miaka yote hiyo nimelitazama gegedu kwa darubini, nikalipima, nikalichorea grafu, wala sikuwahi kujua jinsi mama yangu anavyoinuka. Niliona aibu, na niliona uchungu, hata zile fahari zote za ulimi zikaniishia.

"Sasa hivi uko wapi?" nikamuuliza.

"Nimekaa. Nangoja ukate simu ndipo niinuke. Sipendi unisikie."

"Sikati."

"Nenda kale."

"Sikati, mama. Mguu mzima utangulie."

Akaguna. Nikasikia kiti kikilia, nikasikia pumzi yake ikikazana, ikakatika. Alikuwa katikati, akipumzika. Nyuma ya kioo wageni wakampigia Profesa makofi. Kiti kikalia tena, kwa nguvu zaidi.

"Haya," akasema, akihema. "Nimesimama."

Basi na iandikwe, na hao waandikao tarehe za wafalme wavisogeze vita vyao vingine pembeni ipatikane nafasi: mchana ule, kabla ya chakula, watu wawili waliinuka.