Ukuta wa Talaka ya Amani

Jumatatu, 4 Machi

Naanza kuandika leo ili ushahidi uwepo. Shule niliiacha mapema, ilikuwa inanichelewesha. Lakini mkono ulioshika mwiko wa ujenzi tangu ujana haushindwi na kalamu. Nusu ya kuta za mji huu ni zangu. Hakuna hata moja iliyowahi kuinama.

Mama watoto anataka talaka. Hakupiga kelele. Hakuvunja sahani. Alisubiri nimalize kula, akafuta meza, akasema amechoka kuchunguzwa, tuachane kwa amani. Kwa amani! Mtu asiye na jambo lake analitoa wapi neno hilo?

Chanzo, ati nilimfuata hospitali ya macho. Kweli nilimfuata. Nani anakwenda kupima macho amevaa viatu vipya? Nilikaa safu ya nyuma, nimejificha kwa gazeti. Muuguzi akaja kuniambia mbele za watu kwamba gazeti nimelishika kichwa chini miguu juu. Mama watoto akageuka, akanitambua pale pale. Bila miwani. Sasa macho alikwenda kupima ya nini?

Jumatano, 6 Machi

Tumekwenda kwa wakili. Mmoja, wetu sote wawili. Ni mama mwenye sauti ya kubembeleza mtoto. Alisema kwenye talaka ya maelewano yeye hana upande. Kazi yake ni kutusaidia tupatane, aandike tulichokubaliana, kisha hakimu athibitishe. Nikamuuliza mtu asiye na upande analala ubavu gani. Akacheka. Mama watoto naye akacheka. Wamecheka pamoja, kwa pumzi moja. Nimeliweka hilo akilini.

Binti yetu ni mtu mzima, ana kwake. Kilichobaki ni nyumba. Ni yetu sote, na hakuna anayekubali kuhama. Niliijenga kwa mikono yangu. Mama watoto akauliza maji ya kukorogea zege aliyabeba nani. Wakili akasema basi tuigawe. Mmoja apige mstari, mwingine achague nusu. Anayegawa atatenda haki, maana hajui atabakiwa na ipi.

Nikasema nagawa mimi. Haraka, kabla mama watoto hajazinduka. Maskini wakili, na vyeti vyote vile ukutani! Hajui kwamba anayepiga mstari ndiye mwenye nyumba.

Alhamisi, 7 Machi

Nyumba yangu ina mlango mmoja. Zamani ilikuwa na miwili. Wa nyuma niliuziba kwa matofali baada ya kumkuta Kinyozi, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, amesimama pale na mama watoto. Alisema anarudisha ndoo. Ndoo gani inarudishwa kwa tabasamu?

Mstari wangu ni huu. Kulia: mlango, jiko, bomba na choo. Kushoto: sebule na chumba kikubwa, mlango hakuna. Mimi nataka kulia. Mwenye mlango ndiye mwenye habari. Atakayetaka kumwona mama watoto atapita mbele yangu, ajieleze, na mimi nikiridhika ndipo apenye.

Kazi ni kumfanya achague kushoto. Nimehamishia huko makochi, redio, zulia na pazia jipya. Kulia nimetoa balbu, nimelegeza bomba lidondoshe maji, nimeumwagia ukuta maji uonekane unavuja. Mama watoto alinikuta na ndoo mkononi. Nikamwambia naupoza ukuta, joto limezidi. Akasema haya. Akaniletea ndoo ya pili.

Ijumaa, 8 Machi

Wakili amekuja kuona mstari. Ameutembea wote na viatu vyake vya kisigino. Akauliza atakayekaa kushoto ataingilia wapi. Nikasema huyo atajua mwenyewe. Akaniita mzee wangu, akauliza tena kama nina hakika. Nikamwambia fundi haulizwi mara mbili. Akaandika.

Mama watoto hakutazama makochi. Hakutazama pazia. Alinitazama mimi, usoni, kama mtu anayesoma saa. Kisha akasema anachukua kulia.

Nikamkumbusha kuna unyevu. Akasema ameuona. Bomba. Ameliona. Giza. "Baba watoto," akasema, "nyumba nzima umeipamba isipokuwa hapa. Kwani umenioa jana?"

Kuna mtu amempa siri. Namshuku wakili.

Baadaye wakili akanishauri nitoboe mlango wangu upande wa barabarani. Nikakataa. Upande huo unatazamana na duka la Kinyozi. Ajue natoka saa ngapi? Nitatumia dirisha. Mama watoto akasema kama ni hivyo anaomba jambo moja tu: niache kitundu kwenye ukuta, nikianguka au nikikohoa vibaya asikie. Sauti yake ilikuwa ndogo. Wakili akataka kuliandika. Nikasema hapana. Kitundu cha kunichungulia! Kuna watu hawana haya kabisa.

Jumatatu, 11 Machi

Leo nimemaliza ukuta. Nilijenga nikiwa upande wangu, maana ningesimama upande wake vitu vyangu vingebaki peke yao. Tofali la mwisho liliingia kama limezaliwa pale. Nikaupiga ngumi, haukutikisika. Nikajisifu kwa sauti, ili na yeye asikie.

Kisha haja ikanibana.

Nikaenda dirishani. Dirisha lina nondo. Niliziweka mwenyewe, nene, baada ya kumshuku muuza maziwa. Nikaenda dirisha la chumbani. Nondo. Nilisahau kidogo tu, kwa sababu ya mambo mengi kichwani.

Mama watoto akasema kutoka upande wa pili nibomoe matofali machache, saruji bado mbichi. Mimi nibomoe ukuta wangu! Tangu nizaliwe sijawahi. Akasema basi atamwita mtu. Nikajua atakayemwita. Kinyozi akaja na msumeno wa chuma, akakata nondo taratibu, taratibu kabisa, huku wateja wake wamesimama nyuma, mmoja ana povu nusu shavu. Akaniuliza, "Shikamoo mzee, umefungwa kwa kosa gani?" Nilitoka kwa dirisha kichwa kikitangulia. Hata hivyo kila mtu aliona ukuta ulivyonyooka.

Choo nimelazimika kutumia cha Kinyozi. Nilipotoka alitabasamu. Lile lile la ndoo.

Alhamisi, 14 Machi

Mahakamani. Hakimu alisoma makubaliano, akamuuliza mama watoto kama ameridhika. Akasema ndiyo. Akasema pia ananishukuru kwa nyumba imara, na kwamba sijawahi kumlaza njaa. Shukrani mbele ya hakimu! Nikaanza kutafuta mtego uko wapi.

Nikaulizwa mimi. Nikasema karatasi ni sawa, ila utulivu wa huyu mama unanitia wasiwasi. Hakimu akavua miwani. Akaniuliza kama nataka talaka hii au nataka kubaki na mke wangu. Niseme tu, bado hajagonga muhuri.

Wakili akaacha kuandika. Mama watoto akageuka polepole, akanitazama kwa miwani yake mipya. Alikuwa amevaa vile viatu. Mikono ameikunja mapajani kama siku ile nilipokwenda kwao kuposa, na neno likanijia mpaka kwenye ulimi.

Hapo nikashtuka. Kwa nini wote wananisubiri? Kwa nini wakili ameinama mbele namna ile? Wanataka nilitamke, kisha wacheke pamoja kwa pumzi moja. Nikasema nataka talaka.

Mama watoto aliinamisha kichwa. Muhuri ukagongwa. Wakili alinipa mkono bila kunitazama, maana amejua nimewaponyoka. Tulirudi kwa njia moja, yeye mbele, mimi nyuma. Safari hii sikuwa namfuata. Nilikuwa naelekea nyumbani.

Jumapili, 17 Machi

Upande wangu ni mzuri. Makochi yote ni yangu. Redio ni yangu. Nakaa kochi hili, nahamia lile. Jiko sina, nakula mikate. Kimya kipo cha kutosha, tena kinazidi.

Tangu Ijumaa nasikia mambo upande wa pili. Kijiko. Kiti kikivutwa. Leo jioni nikasikia kicheko. Mtu hacheki peke yake. Nikachukua patasi, nikaendelea kukwangua tofali moja la chini ambalo nimekuwa nalikwangua polepole siku hizi. Huku si kubomoa. Ni ukaguzi. Tofali likatoka zima, kazi safi kama kawaida yangu. Nikalala kifudifudi nichungulie.

Sikuona mtu. Niliona kikombe cha chai. Kimewekwa sakafuni, mbele ya tundu hasa, kimefunikwa kisahani ili kisipoe. Na kipande cha mkate uliopakwa siagi. Kwa mbali nikamsikia akimwambia binti yetu kwenye simu kwamba baba yako ametokea, ngoja anywe.

Nikanyoosha mkono, nikavuta kikombe. Sukari ilikuwa kama ninavyotaka. Nikasikia kiti kikisogezwa karibu na ukuta, akakaa pale mpaka nikamaliza. Nikarudisha kikombe. Kikachukuliwa.

Sasa nimekaa nafikiri. Nyumba ina matofali mangapi, naye akaweka chai mbele ya hili hili. Nani amemwambia? Kuna mtu anayejua kazi ya ukuta anampelekea habari zangu. Kinyozi alikuwa na msumeno, hatakosa na patasi.

Kesho asubuhi nalirudisha tofali kwa saruji nzito. Kisha natoboa jingine, juu zaidi. Tuone atajuaje.