Meza Inayopaa

Jumatatu, 3 Juni

Nimekabidhiwa ufunguo. Nyumba yangu! Vyumba viwili, bati juu, nguzo chini, mlima nyuma, ghuba ya Savusavu mbele. Urefu hatua kumi na moja. Nimepima tena kwa hatua fupi, nikapata kumi na nne. Naandika kumi na nne.

Miaka thelathini na minne nimeishi katika nyumba za walimu za serikali, ambamo hata kitasa kina namba. Leo nimeugusa ukuta usio na namba. Jua la asubuhi lilipita kati ya vioo vya dirisha likachora mistari sakafuni, kama ukurasa wa daftari jipya. Nimesimama nusu saa nikiitazama. Sikuthubutu kuikanyaga.

Vilivyomo: godoro moja, sufuria moja, masanduku saba ya vitabu. Mke wangu Torika hayumo. Yuko mjini Labasa kwa binti yetu Losana, anasubiri niiweke nyumba sawa. Amepiga simu. Atakuja Jumamosi na basi la saa nne. Akikuta nyumba, atakaa. Akikuta ghala la mwanamume na vitabu vyake, atarudi Labasa na basi la saa nane. Hakupandisha sauti. Torika akipandisha sauti, bado kuna nafasi ya kujadiliana. Asipopandisha, hakuna.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Sitanunua hata kijiko, na bado atakuta nyumba ya kustaajabisha watu. Akanyamaza muda mrefu. Naamini tayari alikuwa anastaajabu.

Mchana nimeteremka na mfuko wa magimbi hadi chemchemi za moto kule chini, nikautumbukiza, nikakaa juu ya jiwe kusubiri. Ardhi inachemsha bure, miaka yote, bila kuni wala gesi. Nilimwona kila mpita njia akinitazama na nikamwonea huruma, kwa kuwa amezoea.

Jumanne, 4 Juni

Mpango wa kwanza. Nieleze, ingawa shajara haina mwanafunzi. Kwetu mtoto wa dada ni vasu. Akiingia nyumbani kwa wajomba zake, anachokishika ni chake. Haombi, haazimi. Anachukua, na mwenye nyumba anatakiwa afurahi. Somo hili nimelifundisha darasa la sita maisha yangu yote ya kazi bila kulitumia hata siku moja. Ujinga ulioje!

Nimekodi lori, nimekwenda kijijini alikozaliwa mama yangu. Wajomba wamekwisha fariki, nyumba yao anayo Waisale, mtoto wa mjomba, mtani wangu. Mimi na yeye hatujawahi kusalimiana kwa heshima tangu utotoni. Tukifanya hivyo watu watadhani tumegombana.

Alikuwa ameketi kwenye kiti chenye mikono, anakunywa chai. Nikakishika kiti. Akainuka na kikombe chake. Nikashika cha pili. Nikashika kabati la wavu na taa ya kioo ya marehemu bibi. Waisale akasema ameshuhudia vimbunga vitano katika nyumba hii, na hakuna hata kimoja kilichoingia kimevaa tai. Kisha akasema, "Chukua, mtani. Ila mke wangu mwache hapa. Wewe kwa umri huo ukila chakula kizuri ghafla utakufa, halafu mazishi yawe juu yangu."

Akanisaidia kupakia. Akafunga kamba mwenyewe, anatabasamu. Nimeduwaa njia nzima. Mababu walitunga jambo hili bila karatasi wala mhuri, na leo limenihamishia sebule nzima kwa dakika ishirini.

Vitu vimeenea vizuri. Kabati limepata ukuta wake kana kwamba walizaliwa pamoja.

Jumatano, 5 Juni

Saa tatu asubuhi, lori mlangoni. Sereana, mtoto wa dada yangu. Juzi juzi amefungua mgahawa mdogo karibu na soko. Nikadhani ameniletea zawadi, nikamkaribisha kwa furaha ambayo sasa inanichoma.

Akanywa chai. Akaisifu nyumba, hewa yake, mwanga wake. Nilipogeuka nilimkuta amelishika kabati.

"Mjomba," akasema kwa upole, "wewe ndiye uliyenifundisha darasa la sita."

Hakuongeza neno. Hakuhitaji. Kabati likaenda, viti vikaenda, taa ikaenda. Mimi mwenyewe nilishika ncha moja ya kabati, maana mjomba anayenuna ni aibu ya ukoo. Nikamuuliza amejuaje. Akasema Waisale alimpigia simu jana, lori langu lilipokuwa bado linageuza uani kwake.

Ijumaa atapita kunijulia hali, na kuona nimeongeza nini.

Nimekaa juu ya sanduku la vitabu nikitazama ukuta ulio wazi. Hata hivyo nakiri: ni ajabu kubwa. Sheria ile ile imeingia mlangoni, imelala usiku mmoja, imeondoka. Nani angeweza kuvumbua kitu kama hicho?

Zimebaki siku tatu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimefikiri tangu alfajiri. Mpwa huchukua anachokishika. Hushika anachokiona. Basi nyumba yangu itakuwa na kila kitu, na haitaonekana!

Kazi ya leo, yote kwa vilivyotupwa:

Mlango wa zamani wa kanisa, walioubadilisha mwaka jana, sasa ni meza. Kitanda nimekifunga kwa mianzi. Madebe manne makubwa ya biskuti yamelazwa na kupangwa, ni droo. Ufukweni nimepata makapi matatu ya mashua iliyovunjika, yale magurudumu ya kupitishia kamba, nimeyafunga kwenye boriti za paa. Kamba moja tu. Ukiivuta, meza, kitanda na droo vyote vinapanda juu hadi chini ya bati, kwenye giza, na sakafu inabaki tupu kama siku ya uumbaji.

Jirani yangu Bisundeo alikuja kuangalia. Ni fundi seremala mstaafu, baraza yake imenyooka kiasi cha kunikosesha raha. Alinitazama nikifunga, akauliza kwa adabu kama fundo lile nimelisoma kitabuni. Nikasema ndiyo. Akasema, "Linaonekana, Mwalimu." Akajitolea kuniletea ngazi na skrubu. Nikakataa. Mtu hujenga nyumba yake mwenyewe.

Manjano ya mke wake, yale ya mchuzi, sikuyakataa. Nimeyachemsha na mifuko ya unga iliyofumuliwa, nikaianika, nikaitundika madirishani. Saa kumi jua likaja upande wa ghuba likapiga mapazia. Chumba chote kikawa ndani ya kiini cha yai. Mikono yangu ya dhahabu. Sufuria ya dhahabu. Nilitoka nje, nikaingia tena, ili nikione mara ya kwanza kwa mara ya pili. Mifuko ya unga tu! Nikatamani Torika angekuwa pale, na nikaogopa kidogo kwamba hatakuwapo.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefanya mazoezi mara sita. Lori likisikika kwenye kona, navuta. Sekunde tisa.

Sereana alikuja saa tano na keki. Nilivuta. Kila kitu kikapaa kama malaika. Aliingia, akakuta sakafu, mapazia, na mjomba wake amesimama katikati akihema. Akaniuliza nalala wapi. Nikasema, hapahapa. Ninakula wapi? Hapahapa. Akaangalia kuta nne, moja moja. Akaweka keki sakafuni, akanishika mikono. Akaondoka bila kugusa hata sufuria.

Ushindi! Sikuwahi kuona akili ikifanya kazi kwa usafi namna hii.

Saa sita nimejaribu kuvishusha. Fundo limeingia ndani ya kapi la katikati. Nimevuta, nimesukuma kwa mwanzi, nimeomba. Kitanda changu kiko juu ya kichwa changu na hakina habari na mimi. Kwa Bisundeo siendi. Anatazama tu kutoka barazani, na utazamaji wake nao umenyooka.

Kesho saa nne.

Jumamosi, 8 Juni

Torika aliingia na kikapu mkononi. Mapazia yalikuwa yanawaka kwa jua. Akayagusa, akaunusa mkono wake, akatabasamu kidogo, na moyo wangu ukapanda. Kisha akauliza mtu anakaa wapi.

Nikaonyesha juu.

Akainua kichwa. Alikaa hivyo muda mrefu, kama watalii wanavyotazama popo.

"Baba Losana," akasema, "mimi niliomba nyumba. Wewe umenijengea mbingu, na ngazi huna."

Sauti haikupanda. Kikapu hakukishusha. Nikamweleza yote kwa mpangilio: vasu, kabati, kapi, fundo. Aliponyamaza, nilidhani anafuata hoja. Akauliza jambo moja tu: je, Sereana alipoona sakafu tupu, alicheka? Nikasema hapana, alinishika mikono. Torika akageuka dirishani, na sikuweza kuona uso wake. Akasema basi la saa nane bado lipo.

Saa sita tukasikia malori. Si moja. Matatu.

Kumbe tangu jana Sereana alikuwa amewaambia ndugu wote, kuanzia sokoni hadi kijijini kwa mama, kwamba Mjomba Apisai hana kitu, analala juu ya mbao, na ana aibu ya kusema. Wakaingia na mikeka, mirundo kwa mirundo, mingine bado inanuka majani mabichi. Masufuria sita. Magimbi, kuku, samaki. Taa ya bibi. Waisale alikuwa amebeba kitanda chake mwenyewe mgongoni na jasho linamtiririka. Alikitua, akajinyoosha, ndipo akaona vilivyo juu.

"Mtani," akasema, "naona vyombo vyako vimenyakuliwa kwenda mbinguni, wewe ukaachwa."

Wote wakatazama juu. Sereana pia. Sijawahi kusimama mbele ya darasa kimya namna ile. Nikasubiri adhabu yangu. Alihesabu kwa macho: meza, kitanda, droo. Akaelewa, niliona saa ile ile alipoelewa. Nikamwambia, kwa sauti ambayo haikuwa ya mwalimu, kwamba vyote ni vyake.

"Viache huko, Mjomba," akasema. "Jinsi ulivyovifunga, hata vasu hawezi kuvichukua."

Torika ndiye aliyeanza kucheka. Baadaye nyumba nzima.

Wakakaa. Hapa ndipo pa ajabu, nami nimethibitisha kwa kuhesabu mara tatu: watu ishirini na watatu, ndani ya hatua kumi na moja kwa sita, magoti kwa magoti, bakuli la yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, katikati. Bisundeo, aliyesimama mlangoni na ngazi yake, alisema kama kitanda na meza vingekuwa chini wasingeenea hata tisa. Wakaimba wimbo wa kanisa kwa sauti nne. Bati likatetemeka. Mlango wa kanisa ukayumba polepole huko juu, kana kwamba unaukumbuka wimbo. Wanawake walimwekea Torika mkeka juu ya mkeka, akawa anapapasa kingo zake, anauliza nani kafuma upi, na kila aliyetajwa akainamisha kichwa.

Saa nane basi lilipiga honi barabarani. Nafikiri niliisikia peke yangu. Torika hakuinua kichwa. Alikuwa anatoa vitu kwenye kikapu.

Wageni walipoanza kuondoka, Bisundeo alipanda ngazi na mafuta ya nazi, akalegeza fundo kwa vidole viwili. Torika akampa Sereana droo mbili na mikeka mitatu kabla hajafika mlangoni, wala hakuombwa. Aliniambia nyumba asimoingia mtu kuchukua kitu, hata iwe na viti mia, ni ghala. Kisha akasema kamba ile asiione tena.

Nimeahidi. Kwa moyo wote.

Jumapili, 9 Juni

Tumelala juu ya mikeka kumi na miwili kama machifu. Nimeamka nikatazama boriti tupu na mke wangu aliyelala, na nikaona haya kwa sababu ya kunung'unika kwangu wiki nzima. Sistahili hata mkeka mmoja kati ya hii. Kanisani nimeimba mpaka watu wakageuka.

Wakati wa mahubiri nimetafakari somo la wiki hii, na naliandika hapa kwa faida ya vizazi vijavyo. Watu hawaleti kitu mahali palipo kamili. Huleta wanapoona pengo. Kosa langu la Ijumaa halikuwa kuficha. Kosa langu ni kwamba nilificha bila kukusudia kuonewa huruma, na kazi isiyokusudiwa haipimiki.

Sasa, jiko la nje hatuna. Nimemwalika Sereana chai Jumanne. Masufuria yote saba nimeyasukuma chini ya nyumba, nyuma ya nguzo. Hakuna kamba iliyotumika. Ahadi ni ahadi. Tangu turudi kanisani nafanya mazoezi ya uso wa huzuni kwenye kioo cha dirisha.

Torika ameuliza masufuria yako wapi. Nimesema sijui. Amenitazama, akavaa viatu, akasema basi yeye amealikwa kula kwa mke wa Bisundeo, na mimi nibaki niendelee na mazoezi ya uso. Sielewi amejuaje habari za uso.

Harufu ya mchuzi wa samaki inaingia kupitia mapazia. Nacheka kidogo nikiandika, kwa kuwa nimegundua jambo kubwa: uso wa mtu mwenye njaa ya kweli ni bora mara mbili kuliko ule niliokuwa naufanyia mazoezi. Jumanne sitakunywa hata maji.